Damu ya Boay kwenye Mstari wa Paskali

Katesh, Hanang

Kaka Gaudensi,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba uinuke utoke nje na barua hii. Najua barua zangu zote husomwa sebuleni, Mama amekaa kwenye kigoda chake na majirani wamejaa mlangoni. Hii usiisome hivyo. Ndani ya bahasha nimetia karatasi nyingine ndogo. Hiyo ndiyo uwasomee. Ina habari za baridi na za ngano, na haina uongo isipokuwa pale niliposema sina shida. Hii unayoishika iwe siri yako, kila neno. Hata wifi asiijue, si kwa sababu simwamini, bali kwa sababu atanionea huruma na huruma yake itaonekana usoni mbele ya Mama.

Shikamoo, kaka. Kifua cha Mama kimetulia au bado anakohoa alfajiri? Kahawa ya shamba la juu mmeshaichuma? Mimi mwili wangu ni mzima, siumwi popote. Naliandika hili mapema ili usiruke kurasa kutafuta ugonjwa wangu. Anayeumwa ni mtu mwingine, na nina mkono wangu ndani yake.

Tangu niletwe huku kuwa karani wa zahanati ya shamba la ngano, nimewaandikia kwamba kazi yangu ni kuandika majina ya wagonjwa. Ni kweli, lakini si yote. Mwaka jana alikuja daktari kutoka chuo kikuu kuchunguza damu za wafanyakazi wa stoo ya mbegu, wale wanaochanganya ngano na dawa ya unga kabla ya kupanda. Watu sita walikuwa wameonekana damu zao zimepungua. Kama ni dawa au ni maradhi mengine, yeye mwenyewe hajui mpaka leo, na mimi siwezi kumtangulia. Alichotaka ni kujua damu inavyojijenga upya mtu akipumzishwa, tena alitaka kuijua kwa hesabu. Aliposikia nimesoma hisabati mpaka kidato cha sita, alinihamishia meza karibu na dirisha akanipa jedwali la logi, maana kalkuleta yake ilikuwa imeishiwa betri na Katesh nzima hazikupatikana.

Siku ya kwanza alinipeleka ghalani, akachota ngano kiganjani.

"Edita, hii ni mbegu au ni chakula?"

Nikamjibu inategemea inapelekwa wapi.

"Basi umeshaielewa kazi yangu," akasema.

Nikueleze kama alivyonieleza, kwa sababu bila hili hutaelewa nilichofanya. Ndani ya mifupa yetu, kwenye uboho, kuna seli chache anazoziita seli mama. Hizo hazifanyi kazi ya damu. Kazi yake ni kugawanyika. Moja ikigawanyika huwa mbili, na kila moja kati ya hizo ina njia mbili: kubaki mama, au kwenda kuwa damu, kufanya kazi siku zake na kufa. Ile nafasi ya kubaki mama ni herufi moja tu kwenye mlingano wake, na kazi yangu ilikuwa kuitafuta thamani yake kwa kila mtu, kutokana na vipimo vya kila wiki. Ikiwa nusu kamili, seli mama hazipungui wala haziongezeki. Mtu akiumia, mwili wake huipandisha kidogo juu ya nusu mpaka akiba itimie, kisha huishusha tena. Ikiwa chini ya nusu, akiba inakwisha. Hapo daktari aliinua kidole akaniambia nisisahau: ikishuka chini ya nusu, kwa muda mfupi damu inaweza hata kuongezeka, kwa kuwa seli ambazo zingebaki mama zimekwenda kuwa damu.

"Ni kama sisi tusage mbegu yote ya mwakani," alisema. "Mwaka huu mikate itajaa kila duka. Watu watatupigia makofi."

Kaka, niliipenda kazi ile. Nilijiona nafanya hesabu yenye mtu ndani yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoboa vidole, navuta damu kwenye kimrija cha kioo na kuandika jina. Mzee Hamisi, mpimaji wetu anayetoka Tanga, alihesabu seli kwenye darubini na kunipa tarakimu. Mimi nilizitia kwenye mstari wa mtu, kila mtu na mstari wake, na mwisho wa mwezi nilikokotoa.

Kati ya wale sita, damu ya Paskali ndiyo iliyokuwa chini kabisa. Paskali ni Mwiraqw wa Gehandu, rika lako, mwembamba, mwenye maneno. Alipumzishwa nyumbani, na kila Ijumaa alikuja kwa miguu au juu ya tela la trekta kupimwa. Ndiye aliyenifundisha salamu za Kiiraqw, akawa ananicheka ninavyozitamka. Nikimtoboa alikuwa akisema, "Karani, kila wiki mnanichota. Mkifika chini mtaniambia?" Na wote kwenye benchi wanacheka.

Ijumaa moja aliketi mtu mwenye koti la Paskali, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Nikashika kidole chake. Vidole vya Paskali vimekuwa na vijidoa vigumu kwa kutobolewa. Kidole hiki kilikuwa safi, hakina alama hata moja.

"Wewe siye Paskali."

"Leo ni mimi, dada karani."

"Paskali yuko wapi?"

Aliangalia mlangoni kwanza. "Mtoto wake amefariki. Yule wa kwanza, hata jino alikuwa hajaota. Nyumba iko metimani."

Huku wana desturi hiyo, kaka. Nyumba iliyopatwa na msiba wa namna ile hujitenga. Hawaombi moto kwa jirani, hawashiki mkono wa mtu, hawapiti njia ya watu wala hawachoti maji wanapochota wengine, mpaka muda utimie na wazee waseme yatosha. Wanasali kanisani kama sisi, lakini mama yake Paskali hilo halifanyii mzaha. Kwake, mtu wa metimani akiketi benchi moja na watu anawapelekea kifo chake.

Kijana akasema anaitwa Boay, mdogo wake Paskali. "Mama amekataa asitoke. Na tumesikia asiyekuja kupimwa anafutwa jina, harudi kazini tena. Kwa hiyo nimekuja."

"Damu yako si damu yake."

"Tumbo moja, ziwa moja. Itatofautianaje?" Kisha akatabasamu kidogo, nikaona ni ndugu yake kweli. "Au mnapima jina? Basi jina nimekuja nalo."

Ningemrudisha. Ni jambo la sentensi moja: ningeandika "hakuhudhuria" na kuendelea. Lakini daktari huchukia mapengo. Alishaniambia pengo moja kwenye mstari linaharibu kazi ya miezi, na sauti aliyoisemea bado ninayo masikioni. Tena ni kweli kwamba waliokosa wiki mbili walikuwa wakifutwa. Nami moyoni niliona kama Boay hakukosea sana, kwamba damu ya ndugu haiwezi kuwa mbali na ya ndugu. Mimi, kaka, niliyesoma baolojia. Nikamtoboa kidole, nikaandika Paskali.

Alikuja Ijumaa tano.

Mzee Hamisi alifurahi. "Huyu wa Gehandu anapanda kama mahindi baada ya mvua ya kwanza."

Nikamuuliza, nikijifanya natania, "Mzee, kwenye darubini huwezi kujua kama ni mtu mwingine?"

"Binti, mimi naona seli. Seli hazina sura. Nyuso ni kazi yako."

Mwisho wa mwezi nilikokotoa, na herufi ya Paskali ikatoka juu ya nusu, vizuri kabisa, pale pale daktari alipokuwa akitamani iwe. Alichora grafu kwa kalamu nyekundu. Akaniita, akaita na Mzee Hamisi, akamwita hata mpishi. "Tazameni! Uboho umejijenga. Mlingano ulisema na damu imetii." Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile kwa sababu ya mstari kwenye karatasi. Siku hiyo hiyo akaandika barua kwamba Paskali amepona na anaweza kurudi stoo, na kwamba kuanzia sasa apimwe mara moja tu kwa mwezi. Kisha akasafiri Dar es Salaam na grafu ile, kuwaonyesha wenzake. Mimi ndiye niliyembebea mkoba mpaka kwenye gari. Nilikuwa na muda wa kusema wakati dereva anaweka maji kwenye rejeta. Nilisema, "Safari njema, daktari."

Metimani ikaisha, Paskali akarudi. Aliniletea maziwa kwenye kibuyu. "Boay ameniambia ulivyotusaidia," alisema. "Hukutufunga mlango." Nikayapokea, nikayanywa. Akaingia stoo akiwa amejifunga kitambaa puani kama wengine, na kila nilipopita nilimsikia akiwachekesha wenzake kule ndani. Nilijiambia, pengine amepona kweli, pengine mapumziko yamemsaidia, na tarakimu za Boay zimesema ukweli bila kukusudia. Nilijiambia hivyo wiki nne. Nakuandikia idadi hiyo ili uijue. Wiki nne alivuta pumzi mle ndani kwa sababu ya herufi niliyoiandika mimi.

Siku ya kipimo cha mwezi alikuja mwenyewe. Kidole kilikuwa na vijidoa vyake. Nilipokitoboa damu ilichelewa sana kukatika, na mkononi alikuwa na michubuko ya rangi ya zambarau. "Magunia," akasema. "Nimekaa muda mrefu, mwili umesahau kazi." Mzee Hamisi alihesabu, akahesabu upya. Kisha akainuka kutoka kitini, jambo ambalo halifanyi.

"Binti, njoo utazame."

Nilitazama. Sijui kusoma darubini kama yeye, lakini niliona uwanja mtupu, na seli moja hapa na nyingine kule mbali.

"Mwezi uliopita mtu huyu alikuwa mzima," akasema. "Au hakuwa mtu huyu?"

Akavua miwani akaifuta muda mrefu, na hakuniuliza tena.

Nilitoa zile tarakimu tano za Boay kwenye mstari, nikabaki na za mwanzo na hii ya mwisho, nikakokotoa upya. Herufi ya Paskali ni chini ya nusu. Nilirudia. Chini ya nusu. Mara ya tatu nilibadilisha hata kalamu, kama mjinga, nikaanza mstari wa kwanza bila kutazama karatasi za nyuma. Haikuwa juu ya nusu kipindi chochote, kaka. Akiba yake ilikuwa inakwisha tangu siku zile alipokuwa akituuliza kama tumefika chini.

Paskali alikuwa ameshaondoka kwenda kwao, maana kesho yake ilikuwa Jumamosi. Jumapili baada ya misa nilikwenda Gehandu. Niliwakuta uani, Boay anakarabati jembe la ng'ombe, mama yao anapepeta mtama. Nikamwamkia mama. Paskali akaleta kigoda, akasema, "Leo hesabu imekuja na miguu yake." Nikawaambia yote, nimesimama, kigoda nimekiacha. Nilitumia maneno ya daktari, ya mbegu na chakula, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoeleweka huku. Nilisema kosa ni langu, si la Boay, kwa kuwa Boay hakujua na mimi nilijua.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningependa wangenipigia.

Paskali ndiye aliyesema wa kwanza. "Kwa hiyo aliyepona ni Boay."

"Ndiyo."

"Na hakuwa anaumwa."

Boay aliweka nyundo chini. "Dada karani, umesema mbegu imeisha. Mimi ninazo. Wachukue zangu wampandie."

Nilitamani asingesema hilo. Kwa sababu daktari alishanieleza kwamba ng'ambo hufanya hivyo hivyo: huchukua uboho wa ndugu wa tumbo moja, na mara nyingine seli za ndugu hukubalika, zikajenga shamba upya ndani ya mifupa ya mgonjwa. Tumbo moja, ziwa moja. Kumbe kuna mahali maneno yake yana ukweli. Lakini hapa kwetu hawana vyombo hivyo. Nikamwambia. Akaniuliza ng'ambo ni mbali kiasi gani, kama mtu anayetaka kujua aondoke saa ngapi.

Mama yao alinisindikiza mpaka mwisho wa ua. Alisema kwa Kiswahili cha taratibu, akichagua maneno: "Mimi ndiye nilisema asitoke. Wewe uliandika. Tuko wawili, mwanangu." Hilo ndilo neno linaloniliza, si mengine.

Jumatatu nilimpelekea msimamizi wa shamba maelezo yangu kwa maandishi, nikapiga simu chuoni kumtafuta daktari. Alifika siku ya tatu. Nilimweleza mlangoni kabla hajaketi. Alisimama akiwa bado ameshika mkoba. "Niliwaonyesha watu mstari ule," akasema, si kwa hasira. Halafu sura ikambadilika. "Yeye yuko wapi sasa? Yuko stoo?" Nikamwambia hapana, tumemlaza hospitali ya misheni. Ndipo akaketi. Aliitazama hesabu yangu mpya haraka, akasema njia ni sahihi, tarakimu hana muda wa kuzikagua, na jioni akarudi Dar es Salaam kufuta maneno yake na kuulizia kama kuna hospitali yoyote ng'ambo inayoweza kumpokea mtu. Tangu hapo hatujapata jibu.

Mimi nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Nimekatazwa kutoka nje ya wilaya. Sijui watanifanya nini. Naogopa, kaka, naogopa kila gari linalopunguza mwendo mbele ya nyumba ninayolala hapa Katesh. Lakini daktari aliomba niruhusiwe kuandika vipimo vya Paskali wodini, kwa sababu alisema sasa anajua hakuna atakayekuwa mwangalifu kuliko mimi. Ninakwenda kila asubuhi. Boay anamtolea damu. Akishaongezewa hukaa vizuri siku chache, anakula, anamtania muuguzi, fizi zinaacha kutoka damu. Kisha inashuka, kwa kuwa damu ile ni unga tu, haina mbegu. Boay anaona anavyochangamka, ananitazama kana kwamba nitasema jambo. Juzi alisema, "Leo amepanda, si ndiyo?" Nikamwambia amepanda. Ni kweli, alikuwa amepanda.

Paskali mwenyewe aliniuliza hesabu inampa muda gani. Nilimjibu kwamba hesabu inaonyesha tu upande inakoelekea. Ndio uongo wangu wa mwisho katika jambo hili. Hesabu ile ile inatoa na muda, nami nimeuona, na hapa siuandiki kwa maneno.

Wewe utauona mwenyewe. Kurasa mbili za mwisho nimenakili kazi yote, vipimo, mlingano, kila hatua na kila logi niliyoichukua. Wewe ni mwalimu wa hesabu, na ndiye uliyenifundisha kukagua jibu kwa kuanzia chini kwenda juu. Nakuomba uikague. Usinionee haya. Nimezoea maisha yangu yote kukuletea karatasi nikiomba iwe sahihi. Hii nakuletea nikiomba uikute imeharibika: namba niliyoibeba vibaya, alama ya kutoa niliyoisahau, mstari wa jedwali niliouruka kwa sababu ya machozi. Chochote.

Msalimie wifi kwa upendo, na watoto wote. Msalimie Baba mdogo mpiga kengele ya kanisa, umwambie huku kengele ni kipande cha reli. Msalimie Bibi mzaa mama, na Shangazi mkunga, na mama mlezi wangu wa kipaimara. Mama mwambie nitakuja, usimtajie mwezi.

Kunipata fanya hivi. Usitumie anwani ya shamba, barua zangu kule zinafunguliwa kabla yangu. Andikia hospitali ya misheni, na juu ya bahasha uandike jina la Paskali, wodi ya wanaume, kwa mkono wa karani wa vipimo. Barua za wagonjwa hupelekwa kitandani, na mimi niko hapo kila asubuhi. Ukikuta kosa, hata moja, usiandike barua. Shuka Mbinga mjini siku hiyo hiyo, utume telegramu kwa jina hilo hilo, neno moja tu: KOSA. Nitaelewa. Kama umekagua kutoka chini mpaka juu na hukuliona, tuma jibu kwa posta ya kawaida, na stempu ya kawaida. Haitakuwa na haraka.

Mdogo wako,
Edita